Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Kama umewahi kusimama kando ya barabara wakati lori lenye mzigo linamaliza mteremko, unaijua harufu ya breki zilizoungua. Wengine wakiinusa huziba pua na kuendelea na mazungumzo yao. Mimi hunyamaza. Inanirudisha utotoni moja kwa moja, na ndani ya utoto wangu, rafiki yangu, kuna mtu ambaye sijawahi kumsamehe.

Siku ninayotaka kukusimulia nilikuwa Ndhiwa kwa mazishi upande wa mume wangu. Lori la miwa likapita, harufu ikatanda, nikageuza uso kukwepa moshi, na macho yangu yakaangukia boma lililokuwa ng'ambo ya barabara. Nyuma ya ghala, chini ya mabati yaliyopinda, ilikuwapo pikapu ya baba. Nasema ya baba ingawa hakumiliki hata boliti yake moja. Ilikuwa imepandishwa juu ya mawe, haina matairi, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, na rangi yake ya kijani imebaki mlangoni tu. Niliitambua kwa bampa lake zito lililopinda upande mmoja. Nilisimama pale mpaka mume wangu akaja kuniuliza kama nimeugua.

Nilipokuwa mtoto tuliishi hapo hapo Ndhiwa, karibu na soko, chini kabisa ya mteremko mrefu ambao magari yote yaliyotoka upande wa ziwa yalilazimika kuushuka. Baba alikuwa dereva wa omena, wale dagaa wa ziwani. Aliondoka kabla hatujaamka, akaenda Muhuru Bay kupakia, na jioni tuliisikia pikapu kabla ya kuiona. Ikifika juu kabisa alipunguza gia, injini ikaanza kunguruma kwa sauti nzito ya kulalamika, na mama akisikia hivyo alibandika maji ya ugali. Hakuhitaji saa. Mpaka baba ateremke, ashushe magunia sokoni na kunawa, ugali ulikuwa tayari, na omena zimekaangwa na nyanya mpaka zinalia zikitafunwa. Shati lake lilinuka samaki kiasi kwamba paka wa majirani walimsindikiza mpaka mlangoni.

Shule zikifungwa alinichukua twende Muhuru. Nilikaa nyuma, juu ya magunia matupu, upepo unanipiga usoni mpaka machozi yanatoka, na hakuna malkia aliyewahi kukaa pazuri kuliko pale. Ufuoni wanawake walikuwa wameanika omena juu ya nyavu, ardhi yote inameta kama imemwagiwa misumari mipya. Boti zikifika, madereva walirudisha magari kinyumenyume mpaka ndani ya ziwa, maji yakafika katikati ya magurudumu, ili vikapu vitoke botini viingie moja kwa moja kwenye gari. Kila mtu alifanya hivyo. Kazi ikiisha, wengine walitumia nafasi hiyo hiyo kuyaosha magari, halafu wakaondoka mbio, matone yanadondoka njia nzima.

Baba peke yake hakuondoka mbio. Alitembeza pikapu taratibu kwenye tambarare ya ufuo, mguu umegusa breki kidogo tu, mpaka mvuke ukaanza kutoka kwenye magurudumu. "Imelowa miguu," aliniambia, "haiwezi kukimbia kabla haijakauka." Madereva wenzake walimcheka, wakamwita bibi harusi.

Mwenye gari alikuwa na duka kubwa sokoni na kiti chake cha mbele kanisani. Mtu mnene, mwenye kicheko cha kujaza chumba. Krismasi alitununulia soda, nami nilikunywa, na mpaka leo najuta kuzinywa. Aliipenda ile pikapu jinsi mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa wa kukodisha: alikamua tu, majani alishe mwingine. Siku za katikati ya juma aliituma Masara ikabebe mawe ya machimbo ya dhahabu, mzigo wa kuvunja mgongo wa tembo. Baba alimwambia breki zinalegea. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua mboga mlangoni. Yule mtu akampiga baba begani, akacheka, akasema, "Dereva mzuri anatumia gia."

Basi siku moja ya soko, mchana, tulisikia pikapu juu ya mteremko, lakini haikulalamika. Ilipiga kelele nyembamba, na honi imeshikiliwa bila kuachwa. Mama hakubandika maji. Alitupa mwiko chini akakimbia, nami nyuma yake. Soko lilikuwa limefurika watu mpaka barabarani. Baba aliwaona, akakata usukani, akaingia nayo kwenye shamba la miwa, na miwa ikalala njia nzima mpaka pikapu ikagonga kichuguu ikasimama. Hakuna mtu sokoni aliyepata hata mkwaruzo. Baba alivunjika mguu vibaya, na haukupona sawasawa. Omena zilimwagika kila mahali, na nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukisema mbele za watu: walikuwepo waliochota omena kwanza, ndipo wakamtoa baba yangu ndani ya gari. Nawakumbuka kwa sura.

Baba akiwa bado hospitalini, mwenye gari alisimama sokoni akawatangazia watu kwamba dereva alikuwa amelewa. Alisema yeye mwenyewe alinusa chang'aa. Alisema gari lake lilikuwa zima na fundi alilikagua juzi tu. Baba yangu, ambaye hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza kabla ya kuimeza! Lakini nani angebishana na mwenye duka, mzee wa kanisa, mtu ambaye nusu ya soko ilichukua sukari kwake kwa deni?

Baba alirudi nyumbani na fimbo. Hakuna aliyempa gari tena, si pikapu, si trekta, hata mkokoteni wa ng'ombe. Shuleni waliniita mtoto wa chang'aa. Mama aliacha kwenda soko la karibu, akawa anatembea mbali kununua chumvi ili asisikie minong'ono. Baba alikaa nyuma ya nyumba akisokota kamba za mkonge, na aliongea juu ya siku ile mara moja tu, mimi nikiwa msichana mkubwa. "Nilikanyaga," alisema, "ikazama mpaka chini." Akarudi kwenye kamba yake. Alikufa akiwa bado mlevi midomoni mwa watu, na mama hakukawia kumfuata.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini mwanamke mzima anafungua duka la spea Migori, anauza pedi za breki na mabomba badala ya vitenge kama wenzake, jibu unalo. Nilitaka kujua jinsi kitu kinavyoweza kuzama mpaka chini.

Pikapu niliinunua kupitia mjumbe, kwa bei ya chuma chakavu. Mwenye gari hakujua inaenda kwa nani, na hata angeniona asingenijua, maana nimeolewa, nimenenepa, na jina la baba halimo tena midomoni mwa watu wanaponiita. Niliileta Migori juu ya lori, nikaiweka nyuma ya duka, nikamwita fundi ambaye hununua spea kwangu, kijana asiyependa maneno mengi. Nilimwambia aanze na breki. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa amvalishe maiti viatu vipya.

Dramu, vile vyungu vya chuma vinavyofunika breki, zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Alizipasha moto, akazigonga, zikaachia moja moja. Ndani kulikuwa na mchanga wa ziwa uliokauka ukawa kama saruji, na kigamba cha konokono. Tulicheka. Kisha akaingia chini ya gari upande wa nyuma, kushoto.

"Madam," akaniita, "kuja uone hii kitu."

Nililala chini kwenye vumbi na nguo yangu ya dukani. Paipu nyembamba inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu lile ilikuwa imekunjwa na kupondwa kwa nyundo mpaka ikafungika. 

"Hii haijaharibika yenyewe," fundi akasema. "Ni mtu aliifunga. Gurudumu ikivuja, badala ya kununua silinda mpya, unapiga paipu nyundo. Sasa mafuta haitoki, lakini hiyo gurudumu haina breki tena. Unabaki na tatu, na hizo tatu zikichemka na mzigo kwa mteremko, pedali inazama tu chini."

Unadhani nilifurahi? Nilifurahi mpaka nikafika nyumbani. Usiniambie hujawahi kuamka na wazo linalokukaba: je, kama ni baba aliyeifunga? Madereva wengi walifanya hivyo siku zile. Ukiwa njiani, mafuta yanavuja, unataka ufike, unachukua nyundo. Kama ni mkono wake, basi sikuwa na wa kumlipizia kisasi ila kaburi. Ushahidi niliokuwa nao ulikuwa kipande cha paipu kilichopondwa, na paipu haisemi nani aliyeshika nyundo. Watu wawili tu walijua, na mmoja nilishamzika.

Nikaamua kuijenga upya pikapu, na kuijenga vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Mbele tuliondoa dramu kabisa, tukafunga diski za pikapu mpya ya aina ile ile iliyokuwa imeanguka upande wa Rongo, kwa sababu diski iko wazi, ikilowa inakauka yenyewe mara moja. Nyuma tuliacha dramu lakini tukazichonga, tukaweka silinda kubwa zaidi na shuu mpya, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani. Zamani masta silinda, ile pampu iliyo chini ya pedali, ilikuwa na njia moja tu kwa magurudumu yote, kwa hiyo ikivuja mahali pamoja umepoteza kote. Tuliweka yenye njia mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja inajitegemea. Tukaongeza busta ya kusaidia mguu, na mapaipu yote yakawa mapya. Siku ya kutoa hewa kwenye mafuta ya breki nilikaa mimi mwenyewe kwenye kiti cha dereva. Fundi alilala chini akipaza sauti, "Kanyaga! Shikilia! Achia!" na kila nikikanyaga pedali ilipanda kidogo, ikawa ngumu zaidi, mpaka mwisho ikanisukuma mguu kama mtu anayekataa kutoka mlangoni. Nililia hapo, usinicheke. Hicho ndicho kitu kidogo baba alichokosa.

Niliipakia mawe tukaijaribu barabara ya Masara mpaka fundi mwenyewe akachoka. Ilisimama ikiwa na mzigo, ilisimama ikiwa imelowa, ilisimama bila kuyumba. Rangi sikupaka. Nilitaka ionekane ile ile.

Siku ya soko nikaenda nayo Ndhiwa mpaka nyumbani kwa mwenye gari. Alikuwa amekaa uani juani, mzee sasa, mwili wote umeisha ukabaki mifupa na kile kicheko. Alipoiona pikapu alisimama bila fimbo.

"Yawa! Ng'ombe yangu!" akasema. "Nani amefufua hii kitu?"

"Ni mimi, Jaduong'. Nataka nikupeleke round kidogo," nikasema, nikimwita mzee kwa lugha ya kwetu kama mtoto mwenye adabu.

"Weee! Na nilijua hii imekufa." Aliizunguka akiipapasa, akafungua mlango mwenyewe, akapanda. Nilimwona ni mtu mwenye furaha, na furaha yake ilinikera mpaka nikang'oa gari kabla hajafunga mlango vizuri.

Tukapanda mpaka juu ya mlima. Huko juu wanawake waliokuwa wakienda sokoni na mabeseni ya omena walitusimamisha, wakapanda nyuma. Kile kidirisha cha nyuma ya vichwa vyetu hakikuwa na kioo, kwa hiyo kicheko chao kilikuwa ndani nasi. Pale juu niligeuza. Baba alikuwa akipunguza gia mahali pale. Mimi sikupunguza. Niliacha pikapu ijiendee, na mguu nikauweka mbali na breki.

Mwanzoni mzee aliendelea kusimulia habari za duka lake. Kisha akashika mlango.

"Nyathina, mtoto wangu, punguza."

Nikatazama mbele.

"Rudisha gia! Nyathina, gia! Hii gari haishikwi na breki peke yake!"

"Kwa nini, Jaduong'? Si ilikuwa gari nzima?"

Wanawake wakaanza kupiga paa la gari. Upepo ulikuwa unapiga kelele, soko linakuja chini na miavuli yake yote, na yule mzee alikuwa anakanyaga sakafu kwa miguu miwili, mahali pasipo na pedali.

"Ukikanyaga itavuta upande moja! Ya nyuma, kushoto, haina breki! Iko na tatu tu!"

"Nani aliifunga?"

"Mimi! Ni mimi nilipiga nyundo! Nilijua tatu zinatosha! Simamisha, mama, simamisha!"

Nikakanyaga. Nilikanyaga taratibu, hakuna sababu ya kumwaga omena za watu. Pikapu iliinamisha pua, ikashika, ikasimama katikati ya njia yake, imenyooka kama imechorwa. Hakuna beseni lililopinduka.

Nikazima injini, nikageuka kwenye kidirisha. "Mmesikia?" nikawauliza wale wanawake. Nilikuwa nimengoja kuuliza swali hilo tangu utotoni. "Mmesikia alivyosema? Dereva hakuwa mlevi. Ni huyu aliyefunga breki."

Walinitazama. Mmoja alikuwa bado ameshika kifua.

"Dereva gani, mama?" akauliza.

"Aliyeanguka hapa. Kwenye miwa."

Wakaangaliana. Mmoja akasema yeye aliolewa hapa juzi tu. Mwenzake akasema aliwahi kusikia habari ya ajali ya zamani, lakini si lilikuwa lori la sukari? Mkubwa wao alifikiri kwa dhati, akijaribu kunisaidia, kisha akatikisa kichwa. Wakateremka, wakajitwika mabeseni yao, na kabla hawajafika mbali nikawasikia wakigombana ni nani atakayeketi kivulini.

Nilitazama huku na huku. Shamba la miwa ni nyumba za kupangisha sasa, nguo zimeanikwa mbele ya milango. Mteremko una lami na mitaro. Hata huko Muhuru, nasikia, wamejenga mahali pa zege pa kupakulia, na anayeingiza gari majini huonwa mshamba. Wale walionong'ona juu yetu, wale waliochota omena kwanza, wote ninaowakumbuka kwa sura, sura zao ziko kwangu tu. Nilibeba aibu ile miaka yote kama mzigo wa sokoni, nikaitua, na hakukuwa na soko.

Nilikuwa nimepanga kumwacha mzee pale pale arudi kwake kwa miguu na fimbo, kama baba alivyorudi kwake. Nilikuwa nimeifurahia picha hiyo kila nilipofunga duka. Nikazunguka nikamfungulia mlango. Hakushuka. Alikuwa ananitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni msichana wake," akasema. "Ulikuwa unakaa huko nyuma, juu ya gunia."

Nilibaki nimeshika mlango.

"Alikuwa anaimba akishuka hapa. Mimi nilikuwa nakaa kwa hii kiti. Sauti nzito, nyathina, mpaka hii dashibodi inatetemeka."

Nyumbani baba hakuimba hata siku moja. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye upepo, sikusikia chochote. Nilimuuliza ni wimbo gani. Akasema maneno yamempotea, sauti anaikumbuka, na bila kuombwa akaanza kuiimba bila maneno, kwa mdomo ule ule uliotangaza chang'aa. Nilitaka kuuziba kwa kiganja. Nilitaka pia usinyamaze.

Nikafunga mlango wake, nikawasha pikapu, nikamrudisha kwake kwa gia ya pili, polepole kadiri gari linavyoweza kwenda. Alinieleza jinsi baba alivyokaa upande upande kiwiko kikiwa dirishani, jinsi alivyowasalimia wachungaji wote wa ng'ombe kwa majina ya fahali wao. Sikumshukuru. Nilimteremsha langoni nikaondoka bila kuaga.

Sijamsamehe, na tafadhali usinishawishi. Lakini nikipita Ndhiwa siku hizi, kabla sijauliza habari ya mtu mwingine yeyote, huuliza kwanza kama yule mzee bado yu hai.